Kangaruu wa Tisa

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nane ya mwezi wa tisa, asubuhi kweupe, mbele ya kamera na viti vya kukodi. Siku yenyewe inatajwa hapa waziwazi kwa sababu wakubwa wa hifadhi ile wakiulizwa husema "kulijitokeza changamoto kidogo," utadhani ni manyunyu yaliyopita. Haikuwa changamoto. Palikuwa na lango, palikuwa na mnyororo kwenye lango, na kuna mtu aliyetamka kwa kinywa chake kwamba mnyororo utolewe.

Mtu huyo alikuwa Mkuu wa Hifadhi. Akiwa hayupo, wafanyakazi walimwita Bwana Picha, maana kwake jambo lisilopigwa picha halijafanyika. Ndiye aliyeamua kwamba nyati, swala, punda milia na nyani waliozaliwa pale, wao na baba zao na babu zao, hawavuti tena watalii. Akaagiza kangaruu tisa kutoka ng'ambo. Wakaja kwa ndege, kila mmoja na sanduku lake lenye feni. Wakajengewa zizi la waya lenye kivuli, wakapangiwa karoti asubuhi na jioni, na huku mapaa ya nyumba za wafanyakazi yakiendelea kuvuja tangu enzi za mkuu aliyepita.

Aliyejenga zizi lile ni Koleo, fundi wa uzio, na ndiye huyo huyo aliyeambiwa autoe mnyororo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mgane, mkavu, mwenye masharubu ya mvi na ulimi usio na breki akiwazungumzia wakubwa. Koleo halikumtoka mfukoni. Hata siku ya kumzika mkewe alikuwa nalo.

"Mkuu, mnyororo ukitoka, milango hii miwili itashikwa na nini?"

"Na utepe."

"Utepe huu wa kitambaa?"

"Mzee, mnyororo una kutu. Unaharibu picha. Fanya kazi."

Koleo akafanya kazi. Aliupitisha utepe mwekundu kwenye milango yote miwili, akaupiga fundo la waya, lile ambalo hata nyati asingelifungua. Hapa lazima isemwe kweli: alilionea fahari fundo lile. Alilivuta, likakaa. Alirudi nyuma akalitazama, akarudi akalivuta tena. Wazo kwamba utepe hufungwa ili ukatwe lilimpita mbali kabisa, kama lilivyowapita mbali wenye suti wote siku ile. Tofauti ni kwamba wao wanalipwa kwa kufikiri.

Mgeni rasmi alikuja amechelewa, kama ilivyo ada yao. Akahutubia, akashukuru, akamshukuru na aliyemshukuru. Kisha akaletewa mkasi kwenye sinia. Wapiga picha wakapiga magoti. Kacha! Utepe ukawa vipande viwili, fundo la Koleo likabaki likining'inia upande mmoja, zima, imara, halina kosa. Watu wakapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyomaliza kazi. Kangaruu waliokuwa wamejilaza kivulini waliinuka wote kwa pamoja, masikio wima. Dume lao kubwa, lenye rangi ya tofali, liliruka mara moja tu likagusa lango kwa kifua. Lango likafunguka polepole, kimya, maana Koleo alikuwa amelipaka grisi jana yake lisije likamwaibisha mbele ya wageni.

"Rudisheni lango!"

"Mnyororo! Leteni mnyororo!"

"Mnyororo uko stoo!"

"Funguo za stoo anazo nani?"

"Mkuu!"

Mkuu alikuwa chini ya meza. Juu ya meza hiyo kangaruu wa pili alikuwa ametua katikati ya soda, akajiuliza kidogo, akaruka tena. Wa tatu alipita juu ya kofia ya mgeni rasmi bila kuigusa. Kofia ilianguka yenyewe kwa heshima. Waliobaki walitoka nduki, tii, tii, tii, wakipita kati ya viti, juu ya spika, mikia yao ikipiga hewa, mpaka wakaingia kwenye nyasi ndefu za hifadhi. Punda milia waliokuwa wakinywa maji waliinua vichwa, wakawatazama wageni hao wanaotembea kwa kuruka, kisha wakatimua mbio za wazimu, wasijue wanakimbia nini.

Lilikuwa jambo la aibu. Lakini Koleo, amesimama pale na mabaki ya utepe mkononi, alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikamfika kooni. Aliziba mdomo kwa kiganja. Haikusaidia. Alicheka mpaka akachuchumaa. Tangu amzike mkewe hakuwahi kucheka, na sasa alikuwa anacheka siku ambayo jumba bovu lilikuwa linamwangukia yeye.

Maana lilimwangukia, tena kabla ya saa sita mchana. Ofisi ya Bwana Picha ilikuwa na picha za Bwana Picha kuta zote nne. Alikuwa bado na majani ya meza kwenye nywele, yale ya plastiki ya kupambia.

"Nani alifunga lango?"

"Lango lilifungwa na utepe, Mkuu."

"Sikuuliza na nini. Nimeuliza nani."

"Mimi."

"Basi tumemaliza." Akaegemea kiti. "Jumamosi mgeni rasmi anarudi na waandishi wale wale. Nataka zizini kangaruu tisa. Nikikuta pungufu, hata mmoja, funguo za chumba chako ziwe hapa mezani, na wewe uwe nje ya geti."

Chumba. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, nyumba ya mwisho katika mstari wa wafanyakazi, chenye kitanda, jiko, na msumari ukutani ambao mkewe alikuwa akitundikia mkoba. Koleo hakuwa na kwingine kwa kwenda. Ndani ya chumba hicho mkewe aliugua, na kutoka humo Koleo alikimbia kwa miguu kwenda kuomba gari la hifadhi limpeleke hospitali. Akaambiwa gari linaoshwa, kuna wageni kesho, asihofu, kila kitu kiko sawa. Alipopata pikipiki ya mtu, mwanamke alikuwa ameshanyamaza. Kangaruu walipokuja na feni zao, gari lile lile lilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege likiwa limewasha taa. Koleo hakusahau. Ila chumba kile kilikuwa ndicho kilichobaki, na hakuwa tayari kumwachia Bwana Picha na hicho.

Alikwenda moja kwa moja kantini. Mpishi wa pale alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke mnene wa sauti nene.

"Shemeji, nasikia umemwaga unga."

"Bado. Gunia limeinama tu."

"Kwa hiyo tukuwekee chakula au tukufungie cha safari?"

"Weka hapa, na uache maneno. Mpaka Jumamosi nakamata wote."

"Wewe? Kuku wangu tu walikushinda mwaka juzi!"

Kwenye benchi la ukutani alikaa daktari wa wanyama, binti mwembamba mwenye miwani, na pembeni yake dereva aliyeitwa Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiigusa. Daktari alikuwa ameshaanza kufikiri.

"Baba, tunaweza kuwapata. Ila hawa si nyati. Ukiwapigia kelele nyuma, kila mmoja atakwenda kivyake. Tuwafuate alfajiri wakiwa malishoni, kimyakimya."

"Mwanangu," Koleo alisema, na mdomo umejaa, "mimi nimeswaga wanyama wa kila namna hujazaliwa. Mnyama ni mnyama. Tutatumia turubai na madebe."

Ndivyo walivyokuwa wakifanya pale kila walipotaka kuhamisha wanyama. Hutandazwa turubai pande mbili, mwanzoni pana, mwishoni nyembamba mpaka mlangoni mwa zizi, kisha watu wanakuja kwa nyuma wakipiga madebe. Mnyama akiona turubai anadhani ni ukuta. Nyati angeweza kuling'oa kwa pembe moja, lakini hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Alhamisi jioni wakatandaza. Wakapiga madebe, Breki akapiga na honi. Kangaruu walikuja kweli, kundi zima, na roho ya Koleo ikaanza kucheza. Walipofika kati, lile dume la rangi ya tofali likasimama kwa mkia na miguu, likarefuka, likachungulia juu ya turubai. Likaona kwamba upande wa pili pana nchi nzuri tu yenye nyasi. Kangaruu hakusomeshwa sheria za nyati. Likaruka, na wenzake wakatawanyika kila upande. Mmoja alipita juu ya boneti la gari, Breki akapiga kelele kumwita mama yake, na kwa mara ya kwanza katika historia ya hifadhi akashika breki.

"Mnyama ni mnyama, eh?" Daktari alisema, akipangusa vumbi kwenye miwani.

Koleo alitema mate pembeni. "Haya, sema. Nakusikiliza."

"Ukuta uende juu mara mbili, wasione ng'ambo. Na mtu yeyote asikohoe."

Kuongeza ukuta ni jambo jepesi kulisema. Turubai jingine halikuwepo. Lilikuwa limeombwa tangu mwaka jana na ombi limelala chini ya picha fulani ofisini. Shemeji ndiye aliyeokoa jahazi. Rafiki yake alikuwa dobi kwenye hoteli ya watalii, na Ijumaa kabla jua halijachomoza gari la Breki liliingia limejaa shuka nyeupe mpaka juu, na Shemeji mwenyewe amekaa kileleni kama bibi harusi.

"Shuka hizi zikirudi na tundu, mimi nawe tutahamia zizini," alimwonya Koleo.

"Nikafanye nini na wewe zizini? Unakoroma."

"Nani kakwambia?"

"Dada yako."

Walicheka wote wawili, wakaanza kufunga shuka kwenye miti mirefu juu ya turubai. Mwanga ulipotoka ukuta ulikuwa umesimama, mweupe, mrefu, unapumua kidogo kwa upepo. Wapishi, wafagizi, walinzi na dobi mwenyewe walijipanga nyuma, mkono kwa mkono. Daktari akanyoosha kidole: twende. Hakuna debe, hakuna honi. Breki alikuwa ameweka kitambaa mdomoni, maana hakujiamini.

Wakatembea. Umande uliwaloesha mpaka magotini. Mbele yao kangaruu walikuwa wameinama wakila. Mmoja akainua kichwa, akawatazama, akaruka mruko mmoja mdogo, akaendelea kula. Wakasogea tena. Mruko mwingine. Koleo alikuwa amesahau njaa na goti linalouma. Kangaruu walikuwa wanakwenda! Dume kubwa lilijirefusha likachungulia, likakuta shuka. Likajirefusha zaidi, bado shuka. Likashuka, likakubali, likaingia njia nyembamba, na wenzake wakalifuata, tii, tii, tii, mpaka ndani. Mlinzi akavuta lango. Mnyororo ukapita, kutu na yote, kufuli ikalia.

Watu walirukaruka kuliko hao kangaruu. Breki alitoa kitambaa akapiga yowe lililokuwa limemkaa kifuani asubuhi nzima. Daktari alikuwa analia na kucheka. Halafu akahesabu.

"Wanane."

Koleo hakuwepo kwenye furaha ile. Alikuwa amebaki nyuma, mwisho wa ukuta, kwa sababu yule wa tisa alikuwa amesimama mbele yake.

Alikuwa jike wa kijivu. Alisimama karibu kiasi kwamba Koleo aliona kope zake. Kazi ya Koleo ilikuwa kupunga shuka aliyoshika, mara moja tu, na jike angegeuka kuingia njiani. Alikwisha inua mkono. Mara ngozi ya tumbo la yule jike ikacheza, mfuko ukafunguka, na kichwa kikatoka. Kichwa kidogo, masikio makubwa, macho ya kushangaa ulimwengu. Kilimtazama Koleo. Koleo naye akakitazama, mdomo wazi, mkono umeganda juu. Jinsi kilivyokuwa na haraka ya kuona! Kiligeuka huku, kikageuka kule, kikanusa upepo. Koleo alisahau Jumamosi. Alisahau funguo. Alipokumbuka kwamba alikuwa na shuka mkononi na kwamba anatakiwa kupunga, jike alikuwa ameshapata mahali shuka zilipolegea. Mruko mmoja, mwingine, na matete ya mtoni yakajifunga nyuma yake.

"Umemwachia!" Breki alifika akihema.

"Sikumwachia. Nilikuwa namwangalia."

"Kuna tofauti gani?"

"Ana mtoto," Koleo alisema, uso wake unawaka. "Breki, ana mtoto mfukoni! Kanichungulia!"

Walimtafuta siku nzima bila kumwona. Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wanashuka kwenye magari, Bwana Picha alimvuta Koleo nyuma ya spika.

"Wako tisa," alisema.

"Wanane, Mkuu."

"Wako tisa. Mmoja amelala ndani ya kibanda, anaumwa kidogo, hapigwi picha. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye utakayeulizwa. Sema tisa, na chumba ni chako. Sema vingine, unajua."

Daktari alikuwa amesikia. "Baba, wakiandika tisa, hakuna atakayemtafuta tena. Hatutajua anakula nini, anaambukiza nini, analiwa na nani." Kisha akaondoka, akamwachia mwenyewe.

Mgeni rasmi akasimama. Safari hii utepe ulifungwa kwenye mti, mbali na lango. Wakubwa nao hujifunza, wakisharukiwa vichwani. Kipaza sauti kikapelekwa kwa Koleo. Kamera zote zikamgeukia. Upande wa kushoto alimwona Shemeji na aproni yake, mikono imekunjwa, anatikisa kichwa: chukua chumba, usiwe mjinga. Koleo alifikiria ule msumari ukutani. Alifikiria pia gari lililokuwa linaoshwa. Siku ile pia kuna mtu alisema kila kitu kiko sawa.

"Ndugu waandishi," alisema, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye spika kubwa kuliko alivyotegemea, "humo ndani wako wanane. Wa tisa yuko nje. Ni jike, yuko kwenye matete, na mfukoni ana mtoto. Mimi nimemwona kwa macho yangu haya."

Zogo likalipuka. Waandishi waliangusha viti wakimkimbilia. Mtoto mkubwa kiasi gani? Rangi gani? Matete yapi? Mgeni rasmi alisahau hotuba, akauliza kama gari linaweza kufika huko sasa hivi. Koleo alionyesha kwa mikono masikio yalivyokuwa, akaonyesha alivyogeuka huku na kule, na kila alipoonyesha kamera zilimfuata, na hakuna aliyekuwa anampiga picha Bwana Picha.

Bwana Picha aliona hivyo. Akanyakua kipaza sauti, jasho linamtiririka.

"Uzembe huu ni wa mzee huyu!" alifoka. "Na ninatangaza mbele yenu wote, mbele ya mgeni rasmi: huyu hatoki kazini, wala hatoki kwenye nyumba ya hifadhi, mpaka awe amemrudisha kangaruu wa mwisho!"

"Vizuri sana," akasema mgeni rasmi. "Iandikwe hivyo."

Ikaandikwa. Koleo alikuwa amekwisha ingiza mkono mfukoni kutoa funguo. Akasimama hivyo hivyo. Aliyeelewa kwanza ni Shemeji: mradi kangaruu yuko nje, chumba ni cha Koleo. Vigelegele vyake viliwafanya kangaruu wanane waliokuwa zizini wainue masikio, na mlinzi akashika mnyororo kwa mikono miwili.

Sasa kila asubuhi Breki, Daktari na Koleo wanatoka na gari, shuka zimekunjwa nyuma. Wanatafuta kweli, hakuna mchezo. Daktari hangekubali mchezo. Jike wa kijivu wamemwona akinywa maji ubavuni mwa punda milia, nao hawakimbii tena. Wamemkosa kwenye matete, wamemkosa kwenye mawe, na kila wanapomkosa Koleo anarudi kantini anasimulia kwa mikono yote miwili mpaka mchuzi unapoa. Mtoto ameshatoka mfukoni. Anaruka mwenyewe, vibaya, anaanguka, anaruka tena.

Bwana Picha anapiga redio kila jioni kuuliza. Naye Daktari alishawaeleza jambo ambalo Mkuu hakulifikiria alipokuwa anafoka. Mtoto akiwa jike, watakamatwa hao wawili, siku moja, na kazi ya Koleo itaishia hapo pamoja na chumba chake. Akiwa dume, atakua, na wanyama hawajui aibu ya mama na mwana. Watazaana humo humo hifadhini, na huyo kangaruu wa mwisho hatapatikana Koleo akiwa hai.

"Kwa hiyo wewe unaombea dume," Shemeji alimwambia.

"Mimi siombei kitu. Mimi ni mtumishi wa hifadhi."

"Mwongo mkubwa wewe."

Leo asubuhi wamemwona yule mtoto karibu kuliko siku zote. Breki alizima gari likajiendea lenyewe mpaka likasimama. Mtoto alikuwa peke yake kwenye uwazi, amesimama wima kwa mkia kama mtu mzima, kifua mbele, jua linamwangaza. Daktari akainua darubini. Koleo alishika ukingo wa kiti mpaka vidole vikauma.

"Unaona?"

"Subiri, baba. Majani."

"Kageuka! Kageuka huyo, mwangalie sasa!"

"Naangalia."

"Daktari, mwanangu, usinitese. Dume au jike?"